Cádiz kwa mwendo wa pole: namna ya kuutembelea mji mkongwe wa pwani ya Hispania

Kwenye ramani, Cádiz ni kama ngumi kwenye ncha ya mkono mwembamba wa mchanga, kusini-magharibi mwa Hispania, maji pande tatu. Mji mkongwe wote uko kwenye hiyo ngumi, na kutoka ukingo mmoja hadi wa pili hakuna zaidi ya kilomita moja na nusu. Udogo huo ndio unaowaponza wageni. Wengi hushuka na treni ya asubuhi kutoka Sevilla, wakachungulia kanisa kuu, wakapiga picha ufukweni, na jioni wako njiani kurudi wakiamini wameumaliza mji. Walichokiona ni mji wa karne ya 18 tu. Ule wa Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka mashariki ya Mediterania, uko mita tisa chini ya ukumbi wa vikaragosi, ukumbi wa maonyesho wa Warumi umefunikwa nusu na nyumba za watu, na milango ya kuvifikia hufunguliwa kwa saa zake yenyewe. Panga kulala usiku watatu. Ukibanwa sana, miwili.

Saa zote hapa chini tumezitaja kwa Kiswahili, kwa majira ya Hispania. Mbao za milangoni huandika mtindo wa saa 24: 14:00 ni saa nane mchana, 21:00 ni saa tatu usiku. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi cha huko, na saa mbili wakati wa baridi.

Upepo kwanza, joto baadaye

Mtu wa pwani hatashangaa kusikia kwamba huku maisha hupangwa na pepo mbili. Levante ni upepo wa mashariki, unaobanwa kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar kabla ya kufika. Ni mkavu, wakati wa kiangazi ni wa moto, na ukianza unaweza kuvuma siku tatu au zaidi bila kupumzika. Poniente hutoka magharibi, baharini, nao una unyevu na ubaridi. Ukivuma, hata usiku wa Julai utahitaji sweta nyepesi. Unapoangalia utabiri kwenye simu, usiishie kwenye nyuzi za joto. Tafuta herufi E au ESE, yaani upepo wa upande wa mashariki, na kasi yake. Ikipita kilomita 40 kwa saa, sahau fukwe ndefu za mji mpya, La Victoria na Cortadura, kwa kuwa mchanga huko huchoma miguu kama sindano. Siku hiyo ufuko wako ni La Caleta, ulio upande wa magharibi: mji mzima umesimama kati yake na levante.

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Agosti Wahispania wenyewe wako likizo. Vyumba ni ghali na fukwe zimejaa. Februari kuna Kanivali, zaidi ya siku kumi za vikundi vya waimbaji wanaowakejeli wanasiasa barabarani. Ni shani ya kuona, lakini haifai kwa anayetaka utulivu: vyumba hushikwa miezi kabla, na Jumamosi ya kwanza treni hujaa watu waliovaa mavazi ya vichekesho mpaka alfajiri.

Kuhusu kuogelea, jiandae. Maji ya Atlantiki hapa mwezi Agosti hufika nyuzi 22 au 23, na Februari hushuka hadi 15 au 16. Aliyezoea maji ya Bagamoyo au Diani ataona baridi hata katika mwezi wenye joto kuliko yote.

Jambo moja Waislamu walijue mapema. Hispania hutumia saa ya Ulaya ya kati ilhali Cádiz iko mbali sana magharibi, kwa hiyo jua huchelewa. Mwishoni mwa Juni adhuhuri huingia karibu saa nane na nusu mchana, magharibi karibu saa nne kasorobo usiku, na isha hupita saa tano. Usitegemee mazoea, weka ratiba ya mji huo kwenye simu.

Viza na njia ya kufika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15; bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Omba mapema, hasa ukilenga miezi ya Juni na Julai.

Mtego mkubwa uko kwenye idadi ya kuingia. Kutoka Cádiz ni rahisi kufika Tarifa, na kutoka Tarifa boti hufika Tangier, Moroko, kwa kama saa moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, amekwisha toka Schengen, na harudi Hispania hata kama begi lake liko hotelini. Kama Moroko iko moyoni, omba viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, kisha uangalie masharti ya Moroko kwa pasipoti yako.

Uwanja wa ndege wa karibu ni Jerez, wenye kituo chake cha treni. Ya kwenda Cádiz huchukua kama dakika 45. Ndege nyingi zaidi hutua Sevilla, na kutoka kituo cha Santa Justa treni ya kawaida hufika kwa saa moja na dakika 40 hivi. Toka Madrid ipo ya moja kwa moja, saa nne na zaidi. Kaa upande wa dirisha: karibu na San Fernando reli hupita katikati ya mabwawa ya chumvi, ile chumvi iliyolisha biashara ya samaki ya mji huu tangu zamani.

Treni ikishaingia mjini husimama vituo kadhaa vya mji mpya, San Severiano kikiwemo, na wageni hushuka wakidhani wamefika. Bakia ndani hadi mwisho wa reli. Kituo cha mwisho kinaitwa Cádiz tu, na kutoka pale mpaka uwanja wa San Juan de Dios ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Teksi huihitaji, isipokuwa kwa mizigo mizito.

Mahali pa kulala

Lala ndani ya mji mkongwe, si mji mpya. Mitaa ya karibu na uwanja wa Mina ni mitulivu. Mtaa wa El Pópulo ni mzuri machoni lakini mwembamba, na kelele za usiku hupanda moja kwa moja hadi ghorofani. La Viña ni mtaa wa wavuvi wenye chakula kitamu na, siku za Kanivali, usiku usio na usingizi.

Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili. Kuna lifti? Nyumba nyingi ni za karne ya 18, ghorofa tatu au nne, na ngazi ni za marumaru zilizolika. La pili, chumba kina dirisha la wapi? Neno *interior* kwenye tangazo humaanisha dirisha linaangalia ua wa ndani, pengine ukuta mtupu. Wakati wa joto kali chumba hicho kina ubaridi wake. Wakati wa baridi kina unyevu, kwa kuwa nyumba hizi hazikujengwa na vipasha joto.

Siku ya kwanza: zunguka ukingo

Usiingie jumba lolote siku ya kwanza. Zunguka ukingo wa mji, kama kilomita tano, ukianza wakati zimebaki saa mbili na nusu jua lizame. Shika upande wa ghuba kwanza: uwanja wa España, kisha Alameda Apodaca, ngome ya Candelaria, bustani ya Genovés, halafu ngome ya Santa Catalina na La Caleta. Kwa mpango huu jua la jioni litakukuta La Caleta, inayotazama magharibi, na utakaporudi kwa barabara ya Campo del Sur litakuwa mgongoni mwako likiangaza kuba la vigae vya manjano la kanisa kuu. Ukizunguka kinyume, utatembea na jua machoni.

Njiani, isogelee nyumba yoyote ambayo lipu yake imebanduka. Chini utaona jiwe la rangi ya kahawia lililojaa maganda ya chaza na kome, mengine mazima kabisa. Ndilo jiwe walilojengea karibu kila kitu: kuta, ngome, nyumba za matajiri. Wanaoijua Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar watalielewa mara moja, maana kule kwetu matumbawe yalifanya kazi hiyohiyo, na dawa yake ni ileile: chokaa. Jiwe la namna hii hunywa maji ya chumvi; likiachwa wazi, chumvi hukauka ndani yake, hutanuka na kulimega. Ndiyo sababu mji ulipakwa lipu, na ndiyo sababu kila siku kuna jukwaa la mafundi mahali fulani.

Tazama pia pembe za nyumba kwenye njia panda. Mizinga chakavu ya chuma imesimikwa wima pale, mingi sana, ili magurudumu ya mikokoteni yasikwangue kuta. Mji uliokuwa na mizinga mingi kiasi cha kuitumia kama vigingi una mengi ya kusema juu ya historia yake.

La Caleta ujue maji yake. Bahari hii hupwa na kujaa kama yetu, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita tatu. Maji yakijaa, ufuko hubaki kipande kidogo. Yakipwa, miamba hujitokeza na watu hushuka kuokota viumbe vya majini. Tafuta jedwali la maji ya Cádiz kwenye intaneti kwa neno *mareas*. Kuogelea, nenda yakiwa yanajaa. Kutazama miamba, nenda saa moja kabla ya kupwa kabisa, uvae viatu vya mpira, kwa sababu mwani huteleza. Jengo jeupe lenye mikono miwili iliyopinda ni bafu la zamani la La Palma, la mwaka 1926. Njia ya mawe inayoingia baharini huelekea ngome ya San Sebastián. Hata geti la ngome likiwa limefungwa, njia yenyewe inatosha kwa matembezi. Bahari ikichafuka usiipite, mawimbi huruka juu ya ukuta.

Siku ya pili: chini ya ardhi

Wanahistoria wa Kirumi walidai mji ulianzishwa miaka 80 baada ya kuanguka kwa Troya, yaani karibu 1100 KK. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mabaki ya karne ya 9 KK, na hiyo bado inatosha kuuweka Cádiz miongoni mwa miji mikongwe ya Ulaya magharibi iliyokaliwa bila kukatika. Waanzilishi walikuwa Wafoinike wa Tiro, mji uleule wa kwenye Biblia, na waliuita Gadir. Wakati huo pale palikuwa visiwa, na mfereji wa maji ulikata kutoka La Caleta hadi ghubani. Mchanga uliuziba. Ukitembea leo kutoka La Caleta kwenda uwanja wa San Juan de Dios, kwa sehemu kubwa unafuata njia ya meli.

Anza na Yacimiento Gadir, mtaa wa San Miguel, chini ya ukumbi wa vikaragosi vya Tía Norica. Hakuna kiingilio. Watu huingia kwa makundi kwa saa maalumu, kwanza video fupi, kisha unashuka. Utaona misingi ya nyumba za udongo, meko na njia za kati ya nyumba. Kasoro hutokea pale mgeni anapofika wakati kundi limeshashuka na kundi lijalo ni la saa nzima baadaye. Pita jana yake, usome ratiba mlangoni. Jumatatu usijisumbue, na hili shika kwa mji mzima: Jumatatu majumba mengi ya makumbusho hufungwa.

Kutoka hapo nenda El Pópulo, mtaa mkongwe kuliko yote, wenye matao matatu yaliyosalia ya ukuta wa zama za kati. Ukumbi wa maonyesho wa Kirumi uko hapo. Ulijengwa karne ya 1 KK na ukoo wa Balbus, wenyeji wa hapahapa. Balbus Mkubwa ndiye mtu wa kwanza asiyezaliwa raia wa Roma kufikia cheo cha konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, mwaka 40 KK. Watazamaji wapatao 10,000 walienea humo. Ulisahaulika kabisa chini ya ngome na maghala mpaka ulipogunduliwa mwaka 1980. Usiridhike na kuutazama kwa juu. Ingia ushoroba mrefu wa mviringo ulio chini ya viti, ambamo Warumi walipita kutafuta nafasi zao. Paa lake bado ni lao.

Kanisa kuu liko hatua chache. Ujenzi ulianza 1722, fedha za Amerika zikitiririka, ukakamilika 1838 fedha zikiwa zimekwisha. Huhitaji mwongozaji kulitambua hilo: tazama mahali ambapo marumaru ya chini inaishia na jiwe la bei nafuu linaanza. Inua macho ndani uone nyavu zilizotandwa kukinga vipande vya mawe vinavyoanguka darini. Ni ile kazi ya chumvi. Tiketi, takribani euro 8, hukupa pia mnara na chumba cha makaburi chini, ambamo mtunzi wa muziki Manuel de Falla amezikwa. Chumba hicho kiko chini ya usawa wa bahari. Simama katikati, piga kofi moja, usikilize.

Mchana wote huo wa joto pumzika. Jioni, kuanzia saa kumi na moja na nusu, nenda Museo de Cádiz kwenye uwanja wa Mina. Siku za katikati ya juma kwa kawaida hufunguliwa hadi saa tatu usiku, Jumapili hadi saa tisa mchana. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure. Wengine hulipa euro 1.50, kwa hiyo uwe na sarafu. Chini kabisa kuna majeneza mawili ya marumaru ya Kifoinike ya karne ya 5 KK, yamelazwa ubavu kwa ubavu. La mwanamume lilipatikana mwaka 1887: ndevu za mawimbi, miguu peku, tunda mkononi. Mkurugenzi wa makumbusho, Pelayo Quintero, alishikilia kwamba lazima liwepo na la mwanamke, akalitafuta miaka mingi, akafa mwaka 1946 bila kuliona. Lilifukuliwa mwaka 1980, kwenye kiwanja ambacho nyumba yake mwenyewe ilikuwa imesimama. Ameshika chupa ya manukato. Tenga nusu saa kwa hayo mawili. Vingine ukikosa si neno, ingawa michoro ya Zurbarán, mchoraji wa Kihispania wa karne ya 17, iliyo ghorofani inastahili kupandiwa ngazi.

Siku ya tatu: mji wa juu

Baada ya Warumi mji ulisinyaa. Wakaja Waislamu wa Andalusi wakauita Qadis, kisha mfalme Alfonso X akautwaa karne ya 13. Columbus aliondoka hapa mwaka 1493 kwa safari yake ya pili akiwa na meli 17. Mwaka 1596 Waingereza na Waholanzi waliuteka mji wakauchoma, na ndiyo maana nyumba za kabla ya hapo ni adimu na ngome ni nyingi. Utajiri wenyewe ulikuja 1717, ofisi ya kusimamia biashara yote ya Hispania na Amerika ilipohamishwa kutoka Sevilla kuja Cádiz.

Wafanyabiashara wa wakati huo walijenga minara juu ya mapaa yao ili kuziona meli zikikaribia. Zaidi ya 120 bado ipo, lakini ukiwa mtaani huioni, kwa kuwa mitaa ni myembamba na nyumba ni ndefu. Panda Torre Tavira, uliokuwa mnara rasmi wa bandari tangu 1778. Ni ngazi kama 170, lifti hakuna. Kabla ya kileleni kuna chumba cha giza, ambapo kioo na lenzi humwaga picha hai ya mji juu ya sahani nyeupe: nguo zinapepea kwenye kamba, watu wanatembea. Maonyesho huenda kwa zamu, kila zamu na lugha yake. Kata tiketi asubuhi kwa ajili ya mchana. Siku ya ukungu picha hufifia, kwa kuwa hakuna taa yoyote zaidi ya jua, basi chagua saa sita hadi saa tisa siku yenye anga safi.

Pesa zile hazikutoka kwenye kakao na fedha tu. Cádiz ilikuwa mji wa watumwa, wengi wao Waafrika, waliouzwa hapa na kutumikishwa kwenye nyumba hizihizi. Na mwaka 1765 iliundwa Compañía Gaditana de Negros, kampuni iliyopewa haki ya kupeleka watumwa kwenye makoloni ya Amerika. Matembezi mengi ya kulipia hulipita jambo hili haraka. Muulize mwongozaji waziwazi.

Kutoka mnarani nenda Oratorio de San Felipe Neri, kanisa la umbo la yai lisilo na nguzo katikati. Majeshi ya Napoleon yalipouzingira mji kuanzia 1810, wabunge wa Hispania na makoloni walikutana humu, kwa kuwa hakuna nguzo ya kumzuia mtu kuona wala kusikia. Tarehe 19 Machi 1812 walitangaza katiba, moja ya zilizokuwa huru zaidi kwa zama zake. Kuta za nje zimejaa mabamba ya kuwasifu wabunge wa nchi mbalimbali. Ukiyasoma, kumbuka ibara ya 22: mwenye asili ya Afrika, kwa upande wowote wa ukoo, hakuwa raia, alitakiwa aombe, athibitishe sifa na mwenendo. Na utumwa haukufutwa.

Jirani yake, mtaa wa Santa Inés, kuna makumbusho ya bunge hilo. Ndani, kitu kimoja kinatosha kwa saa nzima: mfano wa mji wote uliochongwa kwa mbao za thamani na pembe za ndovu kati ya 1777 na 1779 kwa amri ya mfalme Carlos III. Tafuta nyumba unayolala. Mara nyingi utaiona.

Mwisho, La Viña, mtaa wa La Palma. Tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755 lilileta mawimbi makubwa, na wenyeji husimulia kwamba sanamu ya Bikira wa La Palma ilitolewa barabarani na maji yakasimama. Bamba ukutani linaonyesha mahali.

Kula kwa saa zao

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi; cha usiku huanza saa tatu. Katikati ya hapo majiko yamezimwa, na mikahawa inayokubali kukupikia saa kumi na mbili jioni ni ile ya watalii. Maduka nayo hufungwa saa nane hadi kumi na moja na nusu. Wasafiri wengi wanaolalamika kwamba mji umekufa walikuja saa hizo.

Soko kuu, Mercado Central, nenda saa nne asubuhi. Jumapili limefungwa, na Jumatatu meza nyingi za samaki huwa tupu, kwa kuwa wavuvi hawakutoka jana yake. Kwa hiyo samaki kula Jumanne hadi Jumamosi. Jodari aulizwe Aprili hadi Juni, msimu wa *almadraba*: nyavu za kutega zinazosimikwa pwani ya Barbate, Zahara, Conil na Tarifa, jodari wakiingia Mediterania kutaga. Uvuvi wa jodari huku ni wa tangu Wafoinike.

Kwenye *freiduría*, duka la samaki wa kukaanga, huuzwa kwa uzito: *un cuarto* ni gramu 250, inamtosha mtu mmoja. Agiza *cazón en adobo*, vipande vya papa mdogo vilivyolowekwa kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na oregano. Usikose pia *tortillitas de camarones*: uduvi mzima na maganda yake, unga wa ngano na wa dengu, kitunguu na maji, rojo jepesi linalomwagwa kwenye mafuta ya moto hadi liwe kama lesi. Nzuri huvunjika ukiishika. Ikiwa nene na laini katikati, rojo lilikuwa zito au mafuta yalikuwa yamepoa. Mkahawani, chagua *tapa*, sahani ndogo, au *media ración*, nusu sahani. Wawili wakiagiza *ración* tatu watashindwa.

Asiyekula nguruwe aseme *¿lleva cerdo?*, na asiyetumia pombe *¿lleva vino?*, maana mvinyo wa Jerez huingia kwenye mchuzi mwingi. *Chicharrones* ni nguruwe daima, hata vikikatwa vyembamba na kukamuliwa limau. Kimbilio salama ni *papas aliñás*, viazi vya kuchemsha na kitunguu, mafuta ya zeituni na siki ya Jerez, mara nyingi na jodari juu. Mkate ukiletwa bila kuagizwa huenda ukawekwa kwenye bili. Maji ya bomba yananyweka.

Ukibaki na siku ya ziada

Bandari iko mlangoni pa mji mkongwe, na siku ambayo meli kubwa za kitalii zimetia nanga, watu hujaa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Angalia ratiba ya meli kwenye tovuti ya bandari, na siku hiyo uondoke mjini. Boti ya umma huvuka ghuba hadi El Puerto de Santa María kwa nusu saa na nauli ya euro chache. Kaa nje, upande wa nyuma: kutoka majini ndipo minara yote ya wafanyabiashara huonekana kwa pamoja, kama ilivyokusudiwa. Levante ikizidi boti hazitoki. Basi shika treni ya C-1, itakuzungusha ghuba nzima na kukufikisha El Puerto ileile.